Fahali Wetu na Ng'ombe wa Jirani

Nilimfungulia fahali wetu zizi la jirani, nikamwacha na ng'ombe wake mpaka akamaliza kazi. Huo ndio ujinga wangu, na niliufanya kwa raha zote za kisasi.

Nyumbani kwetu, hapa kijijini Mururu, tunafuga inyambo, ng'ombe wa zamani wenye pembe ndefu kuliko mikono yangu. Papa huwachagulia fahali kwa makini kuliko atakavyonichagulia mimi mke. Jirani anafuga friziani wa maziwa, wenye mabaka kama ramani.

Siku tulipopeleka mahari ya kaka yangu, Papa alisimama kumsifu ng'ombe wetu kwa mashairi, kama desturi inavyotaka. Jirani akamkatiza: "Mzee, hii ni ngombe ao ni antena ya redio?" Watu wakacheka hadi bia ikamwagika. Papa akaketi bila kumaliza, na tangu hapo hajasifu ng'ombe tena.

Basi friziani wa jirani alipolia kutaka dume, nikafanya niliyoyafanya. Ndama akazaliwa mweusi tititi, bila baka hata moja, na kinundu juu ya mabega. Jirani, aliyekuwa amelipia mbegu na kungoja friziani halisi, akaja kwetu kushtaki. Nikaficha kicheko nyuma ya kitabu cha hesabu.

Maman akamsikiliza, akamsindikiza hadi njiani, kisha akanirudia:

"Kwetu muntu anapaga rafiki yake ngombe. Wewe umemupa ndama ule muntu alicheka baba yako. Basi ni rafiki yako sasa. Kamata panga, wende umukatie ngombe yake majani."