Kichwa cha Treni Kisichoamka Asubuhi

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyokaa sana ndiyo iliyonirudisha Temeke. Mteja mmoja wa Msasani aliniletea kichwa cha treni cha kuchezea, kile cha umeme kinachoenea kiganjani, akisema mafundi wengine wamekikataa. Nilipokifungua tumbo kwa bisibisi ya saa, harufu ikanipiga kabla sijaona kitu. Mtu fulani, kwa nia njema kabisa, alikuwa amezipaka gia mafuta ya nazi. Niliweka bisibisi chini nikaendelea kunusa, mpaka mteja akauliza kama na mimi nimeshindwa.

Mimi sishindwi na kitu cha namna hiyo, na Kinondoni nzima inalijua hilo. Niseme mapema ili tusipotezeane muda: nina diploma ya ufundi wa mota ndogo niliyoisotea Ujerumani, kwa lugha yao, huku nikiosha vyombo hotelini. Hakuna mjomba aliyenibeba. Nimerudi na vifaa vyangu, nimefungua karakana yangu, na cheti nimekitundika mahali ambapo kila anayeingia atakiona hata kama hataki. Wanaosema najisifu wanasema kweli. Lakini ufundi wangu haukuanzia Ujerumani. Ulianzia sebuleni kwetu Temeke, juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye mapipa mawili, na ulianza kwa hofu.

Baba yangu alikuwa dereva wa treni, mtu wa Tabora, mrefu, mwenye sauti kubwa ya watu waliozoea kuongea juu ya mngurumo wa injini. Siku moja alikwenda kupimwa macho kama madereva wote wanavyopimwa, na herufi za chini zikamkataa. Asiyeona ishara ya mbali hapewi treni, hilo yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wenzake. Akapewa kazi ya kukaa stoo na kugawa vifaa. Hakuimaliza wiki. Alirudi nyumbani ameshika kofia mkononi, akaitundika nyuma ya mlango, na stoo hakwenda tena.

Alichobaki nacho ni zawadi aliyoachiwa zamani na mkufunzi mmoja wa kigeni: kichwa cha treni kidogo, mabehewa machache, reli za kuunganisha na kiboksi cha umeme cha kupunguza na kuongeza mwendo. Kichwa chenyewe kilikuwa chekundu, kinang'aa kama pipi. Baba alisema treni safi namna ile haijawahi kuvuka Dodoma, basi tukakichafua. Yeye hakuweza kuona vitu vidogo, kwa hiyo mikono ilikuwa yangu na maneno yake. Nilichukua masizi ya sufuria nikayapaka kwa kijiti cha unyoya wa kuku pale moshi unapotokea. Nilitwanga kipande cha tofali, nikachanganya unga wake na poda ya mtoto, nikanyunyiza vumbi la bara kuanzia magurudumuni kwenda juu. Wipa za kioo nilitengeneza kwa nywele za brashi ya viatu. Nikimaliza, Baba alipitisha kidole chake kinene juu ya kazi yangu, polepole, kama mtu anayesoma.

"Hapa umezidisha, mama," aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake, Theodora. "Moshi hausimami mbele. Treni ikienda, moshi unalala nyuma."

Nami nikafuta, nikaulaza nyuma.

Alikuwa na msemo wake: chuma hakidai mshahara, kinadai mafuta. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikipaka mafuta. Ya cherehani yalipokwisha, alisema tutumie ya nazi, hakuna mafuta masafi kuliko hayo, hata watoto wachanga wanapakwa. Ilikuwa miezi ya joto. Kichwa kilikwenda kwa ulaini ambao hatujawahi kuuona, na kikipata moto sebule yote ilinukia wali wa nazi. Mama akirudi kutoka Tandika, alikokuwa akiuza mapazia ya mitumba, alivuta pumzi mlangoni na kuuliza, "Haya, leo treni imepika nini?" Baba alicheka mpaka akashika meza.

Asubuhi ndiyo ilikuwa saa yetu. Nilikuwa nikikiwasha mapema kabla ya shule, ule mlio wake mwembamba kama wa mbu unaingia chumbani, nasikia kitanda kinalia, kisha ndara za Baba zinakuja.

Kisha masika yakapita, kipupwe kikaingia, na asubuhi moja kichwa hakikwenda. Nilizungusha kitufe mpaka mwisho. Kilitetemeka kidogo, kikanyamaza. Na Baba hakuja. Nilipochungulia chumbani, alikuwa amegeukia ukuta, macho wazi. Nilimwamkia. Aliitikia "Marahaba" kana kwamba neno lenyewe ni gunia. Mchana, baada ya kusugua magurudumu yote, nilijaribu tena, kichwa kikaondoka vizuri tu. Haukupita muda, Baba akatoka, akaketi mezani, akala ugali kidogo, akaniuliza kilikuwa na ugonjwa gani.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Asubuhi treni imekufa na Baba amekufa nayo. Mchana vyote viwili vinafufuka. Mimi nilikuwa mtoto mwenye akili, walimu wangu wote watawathibitishia, na mtoto mwenye akili akiona vitu viwili vinalala pamoja na kuamka pamoja, anafikia uamuzi. Niliamua kwamba kichwa kile ndicho kinachomwamsha Baba. Kikifa moja kwa moja, naye ndiyo basi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa nikianika nguo uani nilipomsikia Mama akiongea kwenye simu na baba mdogo wa Tabora. Alikuwa akikunja mapazia huku simu ameibana begani.

"Shemeji, mie nimefika mwisho," alisema. "Alfajiri natoka, namwacha anatazama ukuta. Siku nikirudi nikakuta kafanya jambo, nitawaambia nini? Njoo umwone mwenyewe. Ukimkuta hivyo, mchukue akakae huko kwenu, kuna watu." Akasikiliza. "Sawa. Jumamosi asubuhi basi likiingia, njoo moja kwa moja."

Sikujua "kafanya jambo" ni jambo gani, lakini nilijua Jumamosi ni lini. Nilisimama na shati la Baba mkononi, maji yakinitiririkia miguuni. Kama baba mdogo akimkuta kitandani, anamchukua. Kwa hiyo kichwa lazima kiende Jumamosi asubuhi.

Nilianza na umeme. Nilidhani asubuhi unakuja mdogo kwa sababu watu wote wanapiga pasi, lakini taa iliwaka kama kawaida. Nikahamia kwenye reli. Upepo wa baharini una chumvi, na chumvi hula njia ya umeme, kwa hiyo nilizisugua zote kwa kifutio cha shule mpaka zikawa kama vijiko vipya. Nilipomaliza jua lilikuwa juu, kichwa kikaenda, Baba akatoka. Nikajipongeza. Asubuhi iliyofuata, kimya. Nikafungua mota, nikapangusa kwa pamba vile vipande viwili vya kaboni vinavyoipa umeme. Nilipomaliza jua lilikuwa juu, kichwa kikaenda. Nikajipongeza tena, na asubuhi tena kimya. Mnaona nilivyokuwa nikidanganywa: kila dawa niliyompa mgonjwa ilifanya kazi, kwa sababu nilichelewa kuimaliza mpaka anapona mwenyewe.

Jirani yetu Mama Zahra, ambaye mababu zake walitoka Bara Hindi, aliuza nyuzi, vifungo na vifaa vya cherehani dirishani kwake. Nilikwenda kuomba sindano nyembamba.

"Fundi treni, shikamoo zako zimekwenda wapi?" aliniuliza.

"Shikamoo, Mama Zahra."

"Marahaba. Mikono gani hiyo, ya gereji? Mtoto wa kike, na mahari yako tutapokea kwa galoni za oili?" Kisha akatazama uso wangu, akaacha utani. "Baba hajaamka?"

"Bado anapumzika."

Alinipa sindano, akanipa na visheti kwenye karatasi, akasema vya Baba. Nilivibeba huku nikilia, nikiwa na hasira kwamba hata mwenye duka anajua.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimekata tamaa. Kichwa kilikuwa vipande vipande juu ya gazeti na sikuona kosa popote. Mama alikuwa akijitayarisha kwenda sokoni. Alitoa chupa yake ya mafuta ya nywele, akaipindua, hayakutoka. Akaigonga chini kwa kiganja. Yalikuwa yameganda, meupe kama mshumaa. Bila kuwaza, kama wanawake wote wa Dar wanavyofanya kila kipupwe, akaisimamisha chupa ndani ya kikombe cha maji ya moto, akaendelea kuchana nywele.

Nilitazama chupa ile mpaka mafuta yakaanza kuwa maji pembeni. Kisha nikachukua gia moja, nikaikwangua kwa ncha ya sindano. Mkwanguo ulitoka mweupe.

Mpaka leo, na nimefungua mashine za watu wakubwa, sijawahi kupata furaha kama ile. Niligundua peke yangu, jamani. Nilichukua mafuta ya taa ya jiko na mswaki wangu mwenyewe, nikaosha kila jino la kila gia. Nikakimbilia kwa Mama Zahra kununua mafuta ya cherehani; alikataa pesa, akasema siku treni yangu ikienda Tabora nimpunguzie nauli. Nikaweka tone moja hapa, tone moja pale, kwa ncha ya sindano yake. Mchana kilikwenda. Hilo halikunidanganya tena. Nilisubiri asubuhi.

Jumamosi kulikuwa na baridi ile ya kipupwe inayokufanya ujifunike khanga mabegani. Mama hakwenda sokoni. Alikuwa uani akimchemshia mgeni chai. Nilikaa mbele ya ule mlango wa zamani, nikasema Baba Yetu yote mpaka amina, nikazungusha kitufe kidogo tu.

Kikaondoka. Kilipita kona ya kwanza, kikaburuta mabehewa yake, kikarudi, kikapita tena. Mlio ulikuwa safi kuliko siku zote. Niliongeza mwendo. Nikasikiliza kitanda.

Nikaongeza tena. Nikafungua mlango wa chumba mpaka mwisho ili sauti isizuiwe na kitu. Baba alikuwa ameupa mlango mgongo, shuka mpaka shingoni.

"Baba, kinakwenda," nikasema. "Asubuhi hii, Baba. Yalikuwa mafuta yameganda. Nimeosha yote. Sikiliza."

Treni ikazunguka na kuzunguka nyuma yangu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Nakisikia, mama. Kinakwenda vizuri."

Hakugeuka.

Nilimshika mkono nikavuta. Sikumwambia kuhusu baba mdogo, kwa sababu nilikatazwa kusikiliza simu za wakubwa. Nilivuta tu, nikisema amka, amka Baba, tafadhali. Mkono ulikuwa na uzito wa mtu aliyelala, ingawa hakuwa amelala. Nilikuwa bado navuta geti lilipogongwa. Baba mdogo aliingia na vumbi la safari, akasimama mlangoni mwa chumba, akamwona kaka yake, akavua kofia. Hawakubishana. Yeye na Mama walimvalisha shati lile nililolianika, na kufika saa nne ndugu wawili walikuwa wameondoka na teksi. Treni niliizima mimi.

Baba aliishi Tabora miaka mingi, akilelewa na ndugu zake na kupata dawa, na likizo nilikuwa nikienda kumwona. Temeke hakurudi. Mimi nilibaki na swali moja ambalo fundi yeyote angebaki nalo: kama kosa lilikuwa mafuta na nimeliondoa, kwa nini mashine haikuwaka?

Jibu nililipata Ujerumani, katika baridi ya mwaka wangu wa pili, kabla ya diploma, wakati nilipokuwa sina mtu wa kuongea naye lugha yangu. Asubuhi moja niliamka nikashindwa kuinuka. Sikuwa na homa. Mama mwenye nyumba aligonga akaniambia nimechelewa chuoni. Nilimsikia neno kwa neno, na kumjibu tu kwamba nimesikia kulinimaliza nguvu zote nilizokuwa nazo. Mchana, bila sababu, uzito ulipungua, nikavaa nikatoka. Kesho yake, tena. Katika wiki zile ndipo nilipoelewa kwamba kulikuwa na makosa mawili nyumbani kwetu, siyo moja, na kwamba yalilala na kuamka saa zilezile kwa bahati mbaya tu. Nikaelewa pia kwamba maneno yale machache niliyopewa na mgongo wa Baba ndiyo yaliyokuwa kuamka kwake kwa siku ile.

Nilimpigia simu Tabora. Ilikuwa asubuhi kwao. Mke wa baba mdogo akasema bado kalala, ukitaka kuongea naye piga saa nane. Alisema hivyo kirahisi, kama anavyosema mtu saa ya duka kufunguliwa. Pale nyumbani walikuwa wamekwisha kumjua.

Nilipiga saa nane. Baba akapokea mwenyewe, akaniuliza huko barafu inazipa shida reli au vipi, tukaongea mpaka salio likaisha. Nilikaa kitandani na simu mkononi nikifikiria ile Jumamosi. Wiki nzima nilipigania asubuhi, na Baba alikuwa mtu wa mchana. Basi lile lingechelewa njiani, likaharibika Morogoro, likafika saa tisa, baba mdogo angemkuta kaka yake ameketi mezani, kidole juu ya paa la treni, akiuliza ni nani aliyeosha gia.