Siku Kauri Ilipopitisha Umeme

Mtaani walimwita Mama Kauri, na jina lilimkaa. Ujana wake wote aliumaliza kwenye kiwanda cha vikombe vya nguzo za umeme, vile vyeupe vya kauri vinavyoshikilia waya kule juu umeme usishuke kwenye nguzo. Kila kikombe kilipita kwake kabla ya kutoka. Alikigonga kwa kijiti cha mbao, akausikiliza mlio wake, kisha akakipeleka kwenye mashine kikapigwe umeme mkali. Kikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, umeme ulipenya, nacho kikatupwa. Kilicho kizima kilikaa kimya.

Mumewe alikuwa fundi wa laini, mtu wa kupanda nguzo. Asubuhi akifunga mkanda wake alimtania, "Mke wangu, leo tena roho yangu umeishika wewe." Mama Kauri alicheka, lakini akifika kazini mzaha uliisha.

Walikuwa wameshastaafu wote wawili pale binti yao, mwalimu wa fizikia chuoni, alipomwambia kuna kauri inayopitisha umeme.

"Basi ina ufa," Mama Kauri akajibu bila hata kuinua macho.

"Haina ufa, mama. Njoo ujionee mwenyewe."

Akaenda, shingo upande. Kwenye meza ya maabara palikuwa na kijiti cheupe, chembamba kama njiti ya kiberiti, kimefungwa waya huku na huku. Waya mmoja ulipitia kwenye balbu ya kawaida.

"Hii ni zirkonia," binti akasema. "Ni ndugu wa kauri yako, ila huyu moto haumtishi. Chuma kikishakuwa uji, yeye bado kasimama."

Akawasha swichi. Balbu kimya.

"Si nilikwambia?" Mama Kauri akaegemea kiti, ameridhika.

Binti alimpa mama yake miwani ya giza, akavaa na yake, akawasha kichomeo cha gesi na kukielekeza kwenye kijiti. Kijiti kikawa chekundu, kisha rangi ya chungwa. Ndani ya balbu, uzi ukaanza kuwa mwekundu. Ukang'aa. Mama Kauri akasogea mbele bila kujijua. Ndipo binti akauondoa moto.

Mama Kauri akangoja kijiti kizimike. Hakikuzimika. Kilizidi kung'aa, kikawa cheupe pe, kama kipande cha jua kilichowekwa juu ya meza.

"Nani anakichoma sasa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Umeme wenyewe. Kikiwa baridi kinaukataa. Kikishika moto kinaupitisha, na huo umeme ndio unaokilindia joto lake."

"Na humo ndani kinachopita ni nini?"

"Oksijeni, mama. Chembe zake zimebeba umeme. Ndani ya kijiti kuna nafasi tupu, ndogo ajabu. Chembe inaruka nafasi moja hadi nyingine. Joto ndilo linalozipa chembe nguvu ya kuruka."

"Oksijeni hii ninayoivuta mimi?"

"Hiyo hiyo."

Mama Kauri akavuta pumzi taratibu, mkono kifuani, kama mtu anayeionja hewa kwa mara ya kwanza. Machozi yalimlenga, naye hakujua yametoka wapi. Alichojua ni kwamba maisha yake yote aliishika kauri mkononi akidhani ameshaijua yote.

Akampigia mumewe simu. Mzee alifika anahema, akaonyeshwa, kisha akamgeukia mkewe.

"Kumbe miaka yote ile kule juu..."

"Vikombe vyangu havikuwahi kupata moto wa namna hii," Mama Kauri akamkatiza. "Vingepata, ungeungua wewe kwanza."

Wakacheka mpaka mzee akatafuta pa kukaa.

Kabla hawajaondoka, Mama Kauri aliomba akishike kichomeo mwenyewe. Kijiti kilipowaka na kubaki kinawaka, alisimama hivyo hivyo mpaka binti akamgusa bega.

Tangu hapo, kila darasa jipya likifikia somo hilo, yeye hukaa kiti cha mbele. Siku moja mwanafunzi akamuuliza, "Bibi, na wewe unasoma hapa?"

"Hapana, mjukuu wangu," akamjibu, huku akivaa miwani ya giza. "Nimekuja kushangaa."