Barua Zetu kwa Watu wa Linux

Juzi hapa Kitale niliweka Linux, mfumo wa kuendeshea mashine, kwenye kompyuta mpya. Niliandika amri moja, nikainuka kuchemsha chai, na kabla maji hayajachemka vifurushi vyote vya programu vilikuwa vimeshuka na kujipanga vyenyewe. Ungedhani ningefurahi. Nilisimama jikoni nimeshika kikombe, nikiikumbuka shule yetu ya kijijini Naitiri hata machozi yakanilengalenga.

Wewe huenda hukuwahi kuishi na kompyuta isiyojua intaneti. Shuleni kwetu tulikuwa nazo sita, kuukuu, za msaada, na mwalimu wetu wa kompyuta alizitia Linux kwa sababu, alivyosema, ilikuwa ya bure na haikubagua mashine nzee. Ukitaka kuongeza programu, mashine ilikuambia inakosa kifurushi gani. Tuliandika jina lake nyuma ya daftari. Jumamosi mwalimu alienda nalo saiba ya Kitale, duka la kulipia intaneti, akarudi na flashi mfukoni, na Jumapili baada ya kanisa tukamngoja mlangoni tukitafuna mahindi ya kuchoma. Mara nyingi kifurushi hicho nacho kilidai kingine. Basi tulisubiri wiki nyingine.

Jirani wa shule alikuwa mama mwenye posho mill. Akiwasha kinu chake stima ilipungua na kompyuta zote zikazimika, kwa hivyo ilibidi aombwe akizime kwanza. "Mwarimu, nawapa saa moja tu," angesema dirishani, kichwa kimejaa unga, "hawa wamama wanataka kupika." Nasi tulifanya kazi haraka haraka huku wamama wakitusonya kutoka kwenye foleni.

Lakini kilichotuvuta zaidi ni umbea. Pamoja na vifurushi, mwalimu alituletea kurasa za jukwaa moja la mtandaoni ambako watumiaji wa Linux walishinda wakibishana: menyu ikae juu au chini kwenye skrini, vifurushi vifungwe vipi, nani ameharibu nini. Hatukujua walikoishi. Tulijua tu nani ana hasira na nani hujifanya mjuaji. Darasa letu liligawanyika; mimi nilikuwa wa menyu chini, na mpaka leo sijabadilika, menyu juu ni maringo tu.

Nasi tulijibu. Tuliandika kwa mkono, kwa Kiingereza chetu cha insha, mwalimu akaenda kuyachapa majibu yetu huko saiba. Hakuna aliyetuambia kwamba mtandaoni watu hawasalimiani, kwa hivyo tuliandika kama tunavyomwandikia shangazi: natumai hamjambo nyote, sisi tu wazima, mvua imenyesha vizuri, mahindi yameanza kutoa mbelewele, na sasa kuhusu menyu. Kufikia Jumamosi ugomvi wenyewe ulikuwa umeisha na watu wamehamia mwingine. Wengi walitucheka. Mmoja tu, mzee kwa jinsi alivyoandika, alizoea kuturudishia salamu, akatupa habari za theluji ya kwao na za mbwa wake.

Muhula wa tatu mwalimu mkuu alituchoka. Alisema kama kompyuta haziwezi hata kuchapisha mtihani wa kufunga shule, chumba kitageuzwa stoo ya maharagwe. Printa tulikuwa nayo, ila ilitoa karatasi tupu. Nilichaguliwa mimi kuandika barua ya kuomba msaada. Nilijaza kurasa mbili, nikifuta na kurudia, maana nilikipenda chumba kile kuliko mahali pengine popote. Mwalimu aliipeleka Jumamosi. Jumanne akapata uhamisho wa kwenda Bumula.

"Jibu si litakuja tu," alituambia akifunga mlango mara ya mwisho. "Nyinyi mpate mtu wa kwenda Kitale."

Hatukumpata. Hakuna mtu mzima mwingine aliyejua jukwaa ni kitu gani, na sisi watoto hatukuruhusiwa kusafiri peke yetu. Maharagwe yaliingia kabla ya Krismasi. Nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba hakuna aliyejali kutujibu, na niliwachukia watu wale kimyakimya.

Siku hizi ukikwama unauliza kwenye kundi la simu. Jibu linafika hujamaliza hata kuuliza, na hakuna anayetaka kujua umeamkaje. Sisemi ni vibaya. Nasema tu nimewakumbuka wale waliosubiri.

Chai ilipoa nikilitafuta lile jukwaa. Bado lipo, ila ni la kusomwa tu. Niliandika neno Naitiri na barua yangu ikatokea, na salamu zake zote. Chini yake kulikuwa na jibu la yule mzee, la Jumamosi ileile, pengine mwalimu akiwa bado njiani kurudi nyumbani. Kilikosekana kifurushi kimoja tu, kidogo sana. Alikitaja jina, akaeleza hatua moja moja, kwa upole, kama mtu anayemwongoza mtoto kuvuka barabara.

Wiki mbili baadaye aliandika tena, akauliza kama printa imekubali. Mwezi uliofuata akauliza kama mahindi yamevunwa. Halafu, baada ya mwaka mzima, mstari mmoja: "Watoto wa Naitiri, bado mpo?"

Niliusoma nikilia. Chini yake pameandikwa kwamba ukurasa umefungwa na hakuna anayeweza kujibu.