Goti la Kubania Ngoma

Sisi wanawake wa huku kwetu Dodoma, ngoma hatuiweki chini wala hatuitundiki begani. Tunaibana katikati ya magoti, tumesimama, tunaipiga huku tunacheza. Kitenge tunakipandisha kidogo ili ngozi ya goti ishike mti, maana nguo inateleza. Asiyejua anadhani ni mchezo. Haya, jaribu wewe! Mama yangu aliipiga hivyo kijijini kwetu upande wa Bahi tangu akiwa binti, mpaka magoti yake yakakataa. Akanikabidhi ngoma yake. Kanisani akaanza kusali ameketi kwenye benchi wakati wenzake wamepiga magoti, na jambo hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe.

Kwa hiyo binti yangu alipochumbiwa, mama hakuuliza habari za mahari wala ukumbi. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ngoma utapiga wewe?"

"Nani mwingine, mama?"

"Basi nitaisikia tena, ikimtoa mjukuu wangu," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Ungedhani goti langu la kushoto lilikuwa dirishani linasikiliza. Wiki hiyo hiyo likavimba kama andazi. Mimi ni fundi cherehani. Wafanyakazi wa ofisi za serikali kule Mtumba wananiletea vitenge vyao, kila mmoja anataka nguo ya Ijumaa, na kila mmoja anaikumbuka Alhamisi jioni. Nimekanyaga pedali maisha yangu yote, na goti halijawahi kulalamika. Likangoja harusi ya mwanangu!

Hospitali nilikwenda, msije mkaniita mshamba. Daktari, kijana mwenye adabu zake, akaniamkia kwanza, ndipo akaniambia gegedo limelika. Akanipa vidonge, akanifundisha kunyoosha mguu nikiwa nimekaa kitini, halafu akasema nipunguze uzito. Nipunguze uzito! Na pilau ya harusi ataila nani? Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu," ingawa salamu ilishapita zamani, maana sikuwa na jibu jingine la heshima. Vidonge nilimeza, na mguu niliunyoosha. Uzito tuliuacha pale pale.

Jirani yangu, Mrangi wa Kondoa anayeuza viungo sokoni, alikuja jioni ile ile na mfuko wake. "Shoga, hilo goti limeingiwa na baridi," akaniambia. Akachemsha tangawizi na manjano, akakamulia ndimu, akasimama mbele yangu kama askari. "Kunywa. Usiulize ladha." Nikanywa. Ilinichoma koo mpaka nikalisahau goti, na labda ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mama naye akaja kukaa kwangu kusaidia maandalizi. Nilikusudia kumficha. Nikamwamkia mlangoni, nikageuka kumletea maji, na kabla sijafika jikoni nikasikia nyuma yangu, "Mguu wa kushoto." Hata begi alikuwa hajaliweka chini.

Kuanzia hapo akanitawala. Alichuma majani ya mnyonyo kule korongoni nyuma ya nyumba, akayafuta vumbi, akayapitisha juu ya makaa mpaka yakalegea. Kisha akachota mafuta ya kondoo kwenye kopo lake la siku zote, akayayeyusha viganjani, akanisugua kutoka kifundoni kwenda juu, polepole, akinipiga kibao kila nilipokaza mguu. Mwisho akabandika jani la moto na kulifunga kwa kipande cha kanga. Ana sheria zake. Usiku mafuta, mchana goti liwe kavu.

"Na siku ya ngoma usipake hata tone," alinikanya.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Jamani, mama yangu! Mimi bibi harusi nimemzaa mwenyewe, nashonea mabosi suti, na bado najibiwa "kwa sababu nimesema." Lakini nilizipenda jioni zile, sitaki kudanganya. Tangu utotoni sikuwahi kushikwa muda mrefu hivyo na mikono ya mama. Nilikuwa nalalamika mara mbili ya nilivyoumia, nisije nikaambiwa nimepona.

Na uvimbe ukashuka. Sijui kama ni vidonge, majani, au ile chai ya jirani. Kila mmoja anadai ni yeye, nami nimewaachia. Wiki ya harusi niliweza kuibana ngoma wimbo mzima. Nikajizuia kulisifia, goti lisije likasikia.

Siku yenyewe ikaamka na baridi, ule upepo wetu wa mwezi wa saba unaokwangua mpaka mifupa. Nilipoteremka kitandani goti lilikuwa gumu kama kuni. Hapo nikaogopa. Siogopi kuchekwa, mimi nimezoea wateja. Niliuogopa uso wa mama akikaa pale mbele amevaa kanga mpya, halafu ngoma yake isilie. Nikachukua kopo la mafuta ya kondoo, nikazunguka nyuma ya jiko, nikayapaka magoti yote mawili, tena kwa ukarimu. Kwa baridi ile mafuta yaliganda palepale kwenye ngozi. Nikajigusa, hakuna utelezi. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Ngoma zetu lazima ziote moto kwanza ili ngozi ikaze, zipate sauti. Kwa hiyo wanawake wote tulisimama kuzunguka moto na ngoma zetu, tukipiga soga, na mimi nikasogeza magoti karibu kabisa. Raha iliyoje! Jirani yangu akaniambia, "Shoga, mbona unang'aa?" Nikadhani ananisifu.

Wimbo wa kwanza ngoma ikalia vizuri. Nilimwona mama kwenye kiti chake, fimbo magotini, kichwa kinaitikia. Wimbo wa pili binti yangu akatoka nje na mumewe, vigelegele vikapaa, nami nikaruka kwa furaha kama msichana. Ngoma ikanichoropoka. Ikadondoka, ikabingirika uwanja mzima, ikaenda kusimama miguuni pa wazee wa upande wa bwana harusi.

Mmoja wao akasema, "Ama! Ngoma za huku zinatembea zenyewe kuja kusalimia!" Watu wakaangua kicheko. Nilisimama pale mafuta yanachuruzika mpaka kwenye viatu, sijui nikimbie au nilie.

Mama akainuka. Akaja na fimbo yake taratibu, akayatazama magoti yangu.

"Umepaka," akasema.

Nikavuta kitenge kufunika magoti, naye akawageukia waliokuwa motoni.

"Leteni majivu!"

Akaitupa fimbo. Akanishika kiuno kwa mikono miwili, akashuka, kidogo kidogo, akiuma meno, na mimi nikimwambia "Mama, acha, mama, utaumia," mpaka akafika chini. Mama yangu akapiga magoti. Mbele ya wakwe, kwenye vumbi, akanifuta kwa pindo la kanga yake mpya, mguu huu na huu, kisha akachota majivu na kunisugua kwa nguvu zake zote. "Tulia, we mtoto," alisema. Akaagiza ngoma irudishwe, akaipachika mwenyewe katikati ya magoti yangu. "Bana."

Nikabana. Nikapiga na machozi yananitoka, wala sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Ngoma ililia siku ile kuliko siku zote nilizoijua. Yeye alibaki pale pale chini, akiigonga ardhi kwa viganja kufuata mapigo, anacheka. Wimbo ulipokwisha akapunga mkono. "Sasa niinueni, maana hapa peke yangu sitoki." Mimi na jirani tukamwinua. Usiku ule majani ya mnyonyo yalifungwa kwenye magoti manne.

Jumapili iliyofuata tulikwenda naye kanisani. Watu wakapiga magoti kusali, yeye akabaki ameketi kwenye benchi kama kawaida yake. Nikainama sikioni kwake.

"Mama, leo hupigi magoti?"

"Mungu ananisikia nikiwa hapa hapa," akaninong'oneza. "Wewe ndiye uliyekuwa husikii."