Chakula cha Mgeni Ambaye Hajafika

Mama mkwe wangu alitangaza mimba yangu kabla mimi mwenyewe sijaipata.

Alikuwa akitafuta sukari. Ndani ya kopo la majani ya chai akakuta vidonge vyangu vya asidi foliki, vidogo, vya njano. Kwake, kama kwa majirani zetu wote wa mtaa wa Keshero, vile hupewa mwanamke ambaye tumbo limeshaonekana. Hakuniuliza. Alikwenda zake soko la Kituku kununua visamaki vya sambaza, na aliporudi soko zima la samaki lilikuwa limekwisha kunipongeza.

Nilikana. Tatizo ni kwamba kwetu mwanamke mwenye adabu hukana mimba changa hadi tumbo limsute, kwa hiyo kila nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Jirani alininyang'anya kidumu cha maji mgongoni. Wakanipisha kwenye foleni ya bomba, na pale, kusema kweli, nilikana kwa sauti ndogo zaidi.

Jioni nikamweleza mama mkwe. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, akatuacha kabla hatujamzoea. Muuguzi aliniambia mgongo wa mtoto hufungika mapema sana, mama hata hajajua kama ana mimba, na kwamba dawa hii hupunguza hatari ikianza kumezwa kabla. Nilitamani mtoto, na nilimwogopa huyo mtoto kuliko nilivyowahi kuwaogopa waasi.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Unapikia mugeni mwenye hajakuya?"

Tangu siku hiyo, kila asubuhi aliniuliza mbele ya watu kama mgeni amekwisha kula.

Kisha mlima ukamwaga moto, na ardhi ikaendelea kutikisika hata baada ya moto kupoa. Asubuhi moja tukaambiwa tuhame mji, tuelekee Sake. Kuhama tunakujua, vita vilitufundisha: kila mtu na mzigo wake, na hakuna anayeuliza mwenzake amebeba nini. Mimi nilishika vyeti na blanketi. Mama mkwe alijitwika sufuria yake kubwa, imefungwa kwa kitenge, akakataa kusaidiwa. Mume wangu akamtania njia nzima kwamba ameacha nyumba lakini maharage hakuyaacha.

Tulipofika karibu na ziwa dogo la Lac Vert nikakumbuka kopo la chai. Nikakaa chini kando ya barabara, watu wakipita na magodoro na mbuzi, nikalia. Nyumba sikuililia. Mume wangu akasema tutapata vidonge vingine, na wapi, hakusema.

Mama mkwe akatua sufuria yake, akafungua kitenge, akafunua. Maharage hayakuwamo. Kopo langu lilikuwamo, limezungushiwa kilemba chake cha Jumapili lisigongwe.

"Lakini mama," nikasema, "mugeni hajakuya."

"Njo maana," akanijibu, akinitazama kama mtu mgumu wa kuelewa. "Akikuya ku Sake, atakula nini?"

Nilimeza kidonge cha siku hiyo palepale, bila maji.

Mgeni alikuja baadaye, tulipokwisha kurudi nyumbani na kuzoea tena kulala. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kupewa ampakate. Hakumtazama uso. Alimgeuza kwanza kifudifudi juu ya mkono wake, akampapasa polepole kutoka shingoni hadi kiunoni, akarudia tena, ndipo akaniuliza ni wa kike au wa kiume.