Marehemu wa Mazoezi

Kwa miaka ishirini na tisa alikaa dirisha namba tatu akiandika vizazi na vifo, na ofisi nzima ilimwita Bi Mihuri. Jina lake la kuzaliwa alilijua mkuu wa ofisi peke yake, tena kwa kuchungulia faili. Alikuwa mkali kwa wanaoruka foleni na mpole kwa waliofiwa, na kama mtu ni yote mawili, alimaliza ukali kwanza.

Kisha wakaja na mfumo. Hawa watu wa makao makuu wana ugonjwa wa kubandika karatasi, basi wakabandika ukutani misingi saba ya huduma za kidijitali, kwa herufi za kumwonyesha asiyeona. Mwananchi asiulizwe jambo moja mara mbili. Ofisi zote zisome taarifa moja. Mwananchi ajue huduma yake imefika wapi. Ukurasa uwe mwepesi, kisichohitajika kiondolewe. Sikumbuki yote. Bi Mihuri aliikumbuka, maana aliipenda kweli. Alikuwa amechoka kuona wajane wakizungushwa ofisi tano na cheti kilekile mkononi, na madaftari yake yote ya zamani aliyaingiza mwenyewe kwenye mashine, mwaka mzima, bila kunung'unika.

Mafunzo yalichukua siku tatu. Mtaalamu wa mfumo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, aliwaambia makarani wajaribu kusajili kifo. Sasa, makarani wa zamani wana mwiko wao: ukijaribu kalamu au fomu mpya, usiandike jina la mteja, ni kumtakia mabaya. Unaandika mtu wa nyumbani kwako, kwa kuwa huyo atakusamehe. Siku mbili za kwanza Bi Mihuri alimuua shemeji yake mara nne, kwa raha zake. Siku ya tatu akamwandika dada yake.

Juu ya ukurasa siku zote kulikuwa na utepe wa njano ulioandikwa MAZOEZI. Siku hiyo haukuwapo. Akadhani wameuondoa ili ukurasa uwe mwepesi, kama ukuta ulivyosema. Akajaza: amefariki kwa uzee, mtoa taarifa ni mdogo wake. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, akaenda kunywa chai.

Makao makuu walikuwa wamewasha mfumo halisi tangu saa tatu asubuhi. Barua ya kuwajulisha ilifika saa nane.

Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kuondoka duniani, na hadi siku hizo waliishi nyumba moja. Alikuwa na sukari, anajidunga sindano mara mbili kwa siku, na dawa aliichukua kituo cha afya, kwenye friji inayofunguka kwa jina la mgonjwa. Jumatatu alirudi mikono mitupu.

"Wamesema nimekufa," alisema akivua viatu. "Nikawaambia haya, nimekufa, lakini nipeni kiti, maiti amechoka kusimama."

"Nani kasema?"

"Nesi. Maskini, mwenyewe aliona haya. Friji haifunguki kwa jina langu."

"Una dawa ya siku ngapi?"

"Tatu. Nne nikijibana."

Bi Mihuri akaukumbuka ule utepe wa njano. Angesema palepale, lakini hakusema, na mimi hapo simtetei. Simu yake ikalia mfukoni: Pole kwa msiba. Hatua ya tatu kati ya saba ya kufunga huduma za marehemu imekamilika.

Kesho yake ikawa ya nne, na laini ya simu ya Dada ikazimwa. Jumatano ikawa ya tano, kitambulisho kikafutwa. Ujumbe ulikuja na adabu zake, kila siku jioni. Bi Mihuri akamwendea mtaalamu, akafunga mlango, akamweleza yote.

"Fomu ya masahihisho ipo," mtaalamu alisema. "Hujazwa na mhusika mwenyewe, kwa akaunti yake."

"Akaunti mmemfungia. Si mnasema amekufa?"

"Basi inakwenda kwa kamati. Siku thelathini."

"Hana siku thelathini, mwanangu."

Mtaalamu akashusha sauti. "Mtoa taarifa akikiri kwamba aliandika uongo akijua, kifo kinafutwa papo hapo. Lakini wewe ni karani, Bi Mihuri. Hapo kazi huna, na polisi watakuita."

Ijumaa asubuhi dawa ilikuwa imekwisha. Dada alikuwa anamaliza jagi la maji na kuomba jingine, na alimwita Bi Mihuri kwa jina la mama yao. Jirani akamwahisha kituo cha afya, akakaa na simu sikioni. Bi Mihuri alikuwa dirishani, foleni imefika mlangoni, fomu ya kukiri imefunguka mbele yake.

Je, uliandika taarifa hii ukijua si ya kweli? Chini yake, kwa herufi ndogo: Ukijibu ndiyo, maingizo yako yote yatafanyiwa uhakiki. Uhakiki aliujua. Miaka yote hiyo, uhakiki ulikuwa ni faili kulala mezani kwa mtu mpaka lishike vumbi. Akapiga moyo konde, akabonyeza.

"Imefunguka," jirani akasema kwenye simu. "Nesi anamdunga sasa hivi. Dada yako anamlalamikia kwamba ana mkono mzito."

Bi Mihuri alilia mbele ya foleni nzima na hakujali. Mashine yake ikazimika. Akaanza kukusanya miwani na kikombe chake.

Dirisha la nne, karani mwenzake alikuwa ameinamia kioo. "Mama, mumeo hapa anaonyesha yu hai."

"Nimemzika mwezi wa pili. Cheti hicho umekishika."

"Nakiona. Lakini mfumo haukitambui tena."

Dirisha la tano nako sauti ikapanda, kisha la sita. Kila aliyeandikwa na mkono wa Bi Mihuri, mashine ilikuwa imemkatalia kufa, na ilimaliza kazi hiyo kabla yeye hajafunga droo. Foleni ikaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja mwenye kanga begani akajipenyeza mpaka dirisha la nne, akataja jina la mwanawe na tarehe.

Karani akaandika, akatazama, akaandika tena.

"Naye yu hai," akasema.

Mwanamke akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Wameandika yuko wapi?" akauliza.