Paka Aliyeitwa kwa Nazi

Sabiri akisikia ninavyomsimulia atanuna. Na anune. Mimi na mama yake ni majirani hapa Makorora tangu tuko wasichana, nina haki ya kusema.

Mama yake ni Bi Chiku, mpishi wa harusi ambaye miguu imemgomea, siku hizi anapika kijisufuria chake kimoja tu. Mumewe alishakufa. Sabiri yuko Dar, na simu yake mpaka sikukuu. Basi Bi Chiku akaenda Nguvumali, kwenye kituo kinachookota wanyama waliotupwa, akarudi na paka. Mtaa mzima ukacheka. Paka wamejaa mpaka majalalani, yeye kamfuata wa kituoni!

Zabron, anayewalisha kule, alimweleza kwamba huyu aliokotwa kando ya barabara, ndani ya sandarusi iliyofungwa mdomo. Akiona gunia tu, anapotea. Bi Chiku akampa jina la Mgeni. Akatoa magunia yote nyumbani, mchele akautia kwenye ndoo, na mimi nikipita na mzigo wangu wa sokoni naambiwa niuache nje.

Mgeni alijichimbia uvunguni mwa kitanda, akawa anakula watu wakishalala. Bi Chiku hakumvuta wala hakumchungulia. Kila alasiri aliketi kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi, mgongo kakipa kitanda, akikuna huku akimsimulia harusi za zamani, nani alifungasha pilau kwenye mtandio na nani alinuna kwa kukosa paja la kuku. Siku moja akaniita kwa ishara. Nikachungulia, paka huyo kando ya mbuzi, analamba tui kidoleni mwake. Bi Chiku analia, wala hajifichi. Tangu hapo mbuzi ikianza tu kukwaruza, Mgeni anatoka.

Ikaja Idi. Sabiri akafika na mkewe, na sandarusi ya machungwa aliyonunua Muheza. Paka kuiona tu, uvunguni. Mke akasema hawezi kulala nyumba yenye manyoya, Sabiri akamtaka mama amtoe paka. Bi Chiku akamjibu kwa upole kwamba paka ana kwao, na kwao ni hapa. Nikadhani yamekwisha.

Siku ya kuondoka, Sabiri akawa mtamu. Akasema amekumbuka wali wa nazi wa mama yake, ule wenyewe, si huu wa Dar. Uso wa Bi Chiku ukang'aa, maana mtoto huyu miaka nenda miaka rudi haombi kitu mikononi mwake. Akaketi kwenye mbuzi, akaanza kukuna. Paka akatoka. Nyuma ya mlango Sabiri kasimama na ile sandarusi, machungwa keshayamwaga.

Mimi nilisikia kilio nikiwa uani kwangu. Nilipofika, gari limeshaondoka. Wali hata hakuungoja, hana haya yule. Baadaye akapiga simu kusema amemshusha Muheza, penye soko, panya tele, atanenepa.

"Umenifanya nimwite mimi mwenyewe," Bi Chiku akamwambia, akakata.

Kesho yake tukapanda basi, mbuzi kaipakata. Akaketi kati ya meza za machungwa, akakuna nazi mpaka jua likawa la utosi. Wachuuzi wakamuuliza tui anauzaje. Paka wakaja, wa kila rangi. Wake hakuja. Akawaachia nazi yote wale, tukarudi mikono mitupu.

Idi ya kuchinja, Sabiri huyo tena na machungwa yake. Bi Chiku alimpokea, akamuuliza kazi, akamuuliza mke, akamwekea sahani ya wali mweupe wa maji na chumvi. Sabiri akaonja, akauliza kama nazi zimeadimika Tanga.

"Nazi zipo," Bi Chiku akasema. "Mbuzi niliiacha Muheza."

Akaula vivyo hivyo, mkavu, mama yake kakaa mbele yake anamtazama mpaka punje ya mwisho.